Ukuta Uliobebewa Maji

Nianze kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu hulalia upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na herufi za r na l hunichanganya tangu darasa la kwanza, maana nyumbani tulisema Kimakonde. Mkikuta neno limekosewa, lisomeni kama lilivyokusudiwa. Niliishia darasa la saba, na mbele za watu maneno hunikauka. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama.

Kilichonifanya nishike kalamu ni harufu. Hapa Masasi ninapokaa sasa, jirani yangu alikuwa anakandika jiko lake. Alimwaga maji juu ya udongo mkavu wa kichuguu, na harufu iliyopanda pale ikanifanya niweke chini nguo niliyokuwa nafua. Ilikuwa harufu ya kanisa letu la zamani. Na Bibi yangu, mama mzaa mama, ambaye ndiye aliyenisimulia habari za kanisa lile, tumemzika mwaka huu kabla ya masika. Ninyi wa rika langu, mliokuwa wadogo wakati biashara ilipofunguliwa na maduka yakaanza kujaa vitu, naona ninyi mtanielewa.

Kijiji chetu kiko ukingoni kabisa mwa uwanda wa Newala. Ukisimama mwisho wa mashamba ya mikorosho, ardhi inakatika, na chini unaona bonde, na mbali zaidi vilima vya mawe vya Masasi kama vyungu vilivyopinduliwa. Kanisa lilikuwa karibu na ukingo huo. Lilikuwa dogo, lakini nilipokuwa mtoto sikujua kwamba ni dogo. Kuta zake zilikuwa nene hata mtoto angeweza kulala dirishani bila kuanguka. Madirisha yalikuwa membamba, marefu, yenye ncha juu. Mlangoni palikuwa na kibaraza chenye paa lake peke yake, na juu ya mlango kibanda cha kengele. Paa lenyewe lilisimama kwa ukali, hata kunguru walipotua juu yake waliteleza. Hakuna nyumba nyingine kijijini iliyokuwa na paa kama lile.

Sisi nyumbani tulikuwa Wakristo na Bibi alikuwa Mwislamu, lakini historia ya kanisa aliijua kuliko mwalimu wa kanisa, maana lilijengwa akiwa msichana ambaye bado hajaingia unyagoni. Alisema alikuja padri Mwingereza kwa miguu, akakaa kwenye kibanda cha miti, akawa anawatibu watoto vidonda. Alikuwa na picha ya kanisa la kijiji alichozaliwa. Siku moja aliitoa mbele ya wazee akasema anataka kujenga kama lile. Wazee wakaiangalia wakaipitisha mkono kwa mkono. Mmoja akauliza kwa nini paa limesimama vile. Padri akasema kwao kuna kitu cheupe huanguka kutoka juu, na paa likiwa bapa kinajaa na kulivunja.

"Cheupe kama nini?" wakamwuliza.

"Kama unga," akasema.

Bibi aliponisimulia hivyo, mimi sikuona shaka yoyote. Nilijua unga mmoja tu, wa muhogo. Nikaelewa kwa nini Wazungu wana muda wa kutembea nchi za watu: hawalimi, hawamenyi, hawatwangi, wanakinga tu. Na kwa kuwa paa tulikuwa nalo tayari, nikaona ni suala la kusubiri. Kipupwe kilipoingia na ukungu ukafunika kijiji asubuhi hata usione jiko la jirani, nilitoa ungo wa mama nikauweka uani.

"Unaanika nini, Agnesi?" mama akauliza.

"Nakinga unga."

Walicheka nyumba nzima, na majirani wakaja kuuliza wanachekea nini. Nilijificha nyuma ya ghala mpaka njaa iliponitoa.

Lakini kosa la padri lilikuwa kubwa kuliko langu. Kwao, Bibi alisema, mto ulipita ubavuni mwa kanisa. Basi alipofika kwetu akasimama ukingoni, akaona maji yanang'aa bondeni, akasema, vizuri, maji yapo karibu, tujenge hapa. Hakujua kwamba kwetu maji huonekana mapema na hufikiwa kwa taabu. Kushuka si kazi. Kazi ni kupanda na mtungi kichwani, kwenye njia ambayo mbuzi huisimamia na kuifikiria. Wanawake walitoka jogoo wa kwanza na kurudi jua limekwisha kuwa kali, na maji hayo ndiyo ya kunywa, ya kupikia na ya kuogesha mtoto. Mawe ya kujengea juu kule hakuna. Palikuwa na udongo wa kichuguu, miti na nyasi. Padri alipotambua kwamba kila tofali linataka maji yake, alikaa chini kibandani kwake siku nzima. Kisha akaenda nyumba kwa nyumba, akiwaomba wanawake.

Kwetu maji ni mali ya aliyeyabeba. Mwanamume hashiki kata akajichotea mtungini. Huomba, hata kwa mkewe. Kwa hiyo padri hakuwaendea wazee. Aliwaendea wenye maji, na wenye maji wakakubali kwa sababu ya vidonda vya watoto wao. Wachache kati yao walikuwa wamebatizwa. Wengine, kama ukoo wa Bibi, walikuwa Waislamu, na wengine hawakuwa na dini ya kitabu hata moja. Walibeba kiangazi kizima, wakatengeneza tope, wanaume wakafyatua matofali na kujenga, na mwisho wanawake wakasiriba kuta ndani na nje kwa viganja vyao.

Hayo nilikuja kuyajua kidogo kidogo. Nilichokijua kwanza ni kitu kimoja ambacho Bibi alikifanya na hakukieleza. Kila alipopanda kutoka bondeni, alipita nyuma ya kanisa, upande wa mashariki, akamimina maji kidogo chini ya ukuta. Alimimina akaendelea na njia.

Nikaamua kwamba kanisa linakunywa.

Siku moja nilibandika sikio ukutani nisikie linavyomeza. Na nilisikia kweli. Ndani ya ukuta, karibu na boriti, kulikuwa na sauti ndogo, kavu, isiyokoma, kama mtu mzee asiye na meno anayetafuna taratibu. Sikukimbia. Nilihisi niko mbele ya kitu kikubwa sana ambacho kimekubali nikisikilize. Tangu siku hiyo, nikitumwa maji na mama, nami nilimwagia ukuta kidogo kutoka kwenye kidumu changu, nikajisikia mtu wa maana.

Ile sauti ilikuwa mchwa.

Aliyesema hivyo ni Fundi Saidi wa Masasi. Wakati ule wanunuzi wa korosho walikuwa wameanza kuja na magari yao wenyewe, madukani saruji ikapatikana na bati zikapatikana, na msikiti wetu ulikuwa umekwisha kuezekwa bati. Kamati ya kanisa haikuweza kulala. Mwenyekiti wake, Baba Oswadi, alikuwa mtu mwema mwenye haraka, na alisema kila Jumapili kwamba kusali ndani ya udongo ni aibu wakati wenzetu wanang'aa. Basi akamleta Fundi Saidi. Fundi akagonga boriti kwa nyundo, boriti ikamwaga unga. Akaingiza kidole kwenye ufa wa ukuta wa magharibi, kidole kikazama chote.

"Hili limeliwa," akasema. "Masika mbili, halafu litawalalia. Libomoeni lote, tuinue la bloku."

Kisha kwa kuwa yeye alikuwa Mmakua, na Wamakua ni watani wetu, akaongeza, "Lakini ninyi Wamakonde nani aliwaambia mkajenge juu huku? Mlikuwa mnayakimbia maji?"

"Na ninyi mmekaa nayo mpaka mmeota magamba," Bibi akamjibu akipita na kuni, bila hata kugeuka.

Watu wakacheka. Lakini jioni ile Bibi hakula. Aliulizwa na mama anaumwa nini, akasema haumwi. Kesho yake, mchana, watu wakiwa mashambani, alinishika mkono akaniambia, "Mke mwenzangu, nipeleke kanisani." Ndivyo alivyoniita daima, kwa utani wa bibi na mjukuu.

Alivua ndala mlangoni, kama anavyovua msikitini. Mimi nikavua pia. Ndani kulikuwa na ubaridi na giza la kahawia. Alikwenda moja kwa moja hadi ukuta wa nyuma ya altare, akaniinamisha kichwa ili nitazame kwa ubavu, mwanga wa dirisha ukiupita ukuta juu juu. Ndipo nikaona. Chini ya chokaa, ukuta wote ulikuwa umejaa mapinde, makubwa na madogo, yamepishana kama mawimbi madogo ya uji unapokorogwa. Kila pinde lilikuwa njia ya kiganja cha mtu. Nilikuwa nikisali mbele ya ukuta ule tangu nabebwa mgongoni na sikuwahi kuyaona.

"Yanaelekea wapi?" Bibi akaniuliza.

Nikatazama. Yote yalipinda kuelekea kulia.

"Na hapa?"

Karibu na dirisha palikuwa na sehemu pana kama mkeka wa mtu mmoja, ambapo mapinde yaligeuka. Yalipinda kwenda kushoto, yote, mpaka chini.

"Mama yangu alikuwa mtu wa mashoto," Bibi akasema. "Wenzake walimcheka. Padri akapita akasema acheni, panapendeza."

Mama yake hakuliona paa likiezekwa. Alipata homa mwisho wa kiangazi kile kile, akazikwa kwenye makazi yetu ya zamani, ng'ambo ya mashamba. Wakati wa kuhamia vijijini makaburi yalibaki porini, na baadaye ikapandwa mikorosho, na sasa hakuna mtu aliyeweza kusema ni mkorosho upi. Bibi alinyoosha mkono wake akauweka kwenye pinde moja, akaufuata polepole toka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayempapasa mgonjwa mgongo.

"Sina pengine pa kumshika," akasema.

Mimi nilikuwa nimeshika sketi yangu kwa mikono miwili. Sijawahi tena kusimama mahali nikaogopa namna ile bila kutaka kuondoka.

Saruji ikaletwa, mifuko ikapangwa chini ya turubai kwenye uwanja wa kanisa. Mchanga ukaletwa. Mapipa yakapangwa. Ndipo mashine ya mradi wa maji, iliyokuwa inasukuma maji toka bondeni hadi mabombani, ikafa, kama ilivyozoea kufa, na mafuta na vipuri vikawa havipo. Jumapili, baada ya ibada, Baba Oswadi akawaita wanawake wote wa kijiji, wa kanisani na wa msikitini, akasimama mbele yao kofia mkononi.

"Mama zangu, shikamooni."

"Marahaba, baba."

"Saruji ipo, fundi yupo. Maji hakuna. Nami nawaombeni maji."

Wanawake wakatazamana. Bibi ndiye aliyesema.

"Baba Oswadi, ukuta wa nyuma ya altare mnaufanyaje?"

"Kuta zote zinashuka, Bibi. Fundi amesema zimeliwa."

"Nimeuliza ule mmoja."

"Bibi yangu, kwa heshima zote, hili ni jambo la kanisa. Wewe unaswali msikitini."

"Niliswali huko huko nilipopanda na mtungi. Padri hakuniuliza naswali wapi. Aliniuliza kama hayajamwagika."

Wanawake wazee wakacheka kwa koo, na Baba Oswadi akageuza kofia yake mkononi. Akasema ukuta wa udongo na ukuta wa bloku hazishikani, akasema watu wa parokia nyingine watatucheka. Ndipo mama yangu, ambaye kwa haya ndiye niliyemrithi, akasema akitazama chini, "Ukuta ule ukibaki, tutabeba. Ukishuka, mabomba yatakapopona mtajenga." Akajitanda kanga yake kichwani akaondoka, na wengine wakaondoka nyuma yake, Mama Zuhura wa msikitini na Mama Sesilia wa kwaya wameshikana mikono.

Siku zikapita mapipa yakiwa makavu. Kipupwe kiliingia, ukungu ukalala juu ya turubai kila asubuhi, na Fundi Saidi akawa anabonyeza mifuko kwa kidole na kutikisa kichwa, kwa sababu saruji ikinusa unyevu huganda humo humo mfukoni. Bibi alikwenda bondeni na kurudi kama kawaida, na kama kawaida aliunywesha ukuta.

Basi asubuhi moja, tukiwa bondeni kisimani, tulimwona Baba Oswadi anateremka na ndoo. Wanawake wakampisha njia. Kisha Mama Zuhura akasema kwa adabu kubwa, "Karibu, mke mwenzetu."

Alichota. Alijaribu kubeba kwa mkono, mkono ukachoka kabla hata njia haijaanza kupanda. Akaweka ndoo kichwani bila kata ya kitambaa, maji yakaingia shingoni mpaka kwenye mkanda. Mama akafungua kitambaa chake akakizungusha akampa, akampandishia ndoo. Mimi nilikuwa nyuma yake na kidumu changu. Niliviona vigimbi vya miguu yake vikitetemeka. Kila tulipofika mahali pa kupumzikia alitua, na kila alipotua maji yalipungua, na wanawake wa rika la mama yake wakampita wakisema pole, pole baba, pole.

Tulipofika juu alikwenda moja kwa moja kwenye pipa la kwanza akamimina. Maji yalifunika kitako cha pipa tu. Alisimama ameinamia pipa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu kilichoangukia humo. Bibi alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha kanisa. Baba Oswadi akavua viatu akaingia ndani. Sijui aliona nini humo, sikuingia. Alipotoka alimwuliza Fundi Saidi kama ukuta mmoja unaweza kubaki.

"Tukisimamisha nguzo za zege kwenye pembe zake, tukaondoa boriti zenye mchwa, utasimama," fundi akasema. "Ila mtakuwa na kanisa la viraka."

"Acha liwe la viraka."

Akageuka kwa Bibi. "Bibi, tunaomba maji."

"Sasa umeomba," Bibi akasema.

Kesho yake niliamshwa gizani, na nilipofika ukingoni ukungu ulikuwa umejaza bonde kama maziwa kwenye bakuli. Sikuona njia. Nilisikia kwanza: miguu, pumzi, vicheko vidogo, mtu anaimba kaswida, mwingine anaitikia kwa wimbo wa kanisani uliokaribiana nayo mwendo. Kisha kutoka kwenye weupe ule zikaanza kutokea ndoo. Ndoo kwanza, kisha vichwa, kisha wanawake wazima, mmoja baada ya mwingine, wanapanda, wananyooka, wanapita. Sikuwa nimejua kwamba kijijini kuna wanawake wengi kiasi kile. Walitoka kwenye ukungu na hawakuisha, hata nikadhani kwamba walio nyuma ni wale wa zamani, wenye mitungi. Nilimtafuta yule wa mashoto. Naapa nilimtafuta.

Kanisa lipo mpaka leo. Kuta tatu ni za bloku, paa ni bati la kawaida, na ukuta wa mashariki ni wa udongo, mnene, umepakwa chokaa, na bado umesimama. Siku ya kuwekwa wakfu kibao kilibandikwa mlangoni chenye historia ya kanisa. Watu walikuwa wengi. Bibi hakujua kusoma, akanisukuma mbele.

"Nisomee, mke mwenzangu."

Nilisoma kwa sauti huku masikio yanawaka moto. Kibao kilimtaja padri Mwingereza aliyeanzisha. Kiliwataja mwenyekiti, katibu na wanakamati. Kilimtaja fundi.

"Basi?" Bibi akauliza.

"Basi, Bibi."

Akatikisa kichwa kidogo, bila hasira, akafunga vizuri kanga yake.

"Wamewaandika walioomba maji," akasema, akaingia ndani kukaa karibu na ukuta.

Nami nawaombeni ninyi mliosoma hadi hapa. Kama kwenu kuna kanisa, msikiti, shule au zahanati iliyosimama tangu zamani, mwulizeni mzee mmoja aliyebaki, kabla hajaondoka, kisha mniandikie. Majina ya walio kwenye kibao yaacheni, hayo nitayakuta mlangoni. Niandikieni ni nani aliyebeba maji.